Kapepeo kadogo ya mulima

Kwa miaka tisa nilipitisha maneno ya watu hewani, na neno moja tu ndilo nililolipoteza. Wapo ambao wangejivunia hesabu hiyo. Mimi sijivunii, kwa sababu neno lile moja lilikuwa limebeba shingo ya mtu.

Naitwa Kahongya. Wakati wa vita vya pili vya Kongo, kabla simu za mfukoni hazijafika kwetu Butembo, mashariki ya nchi, nilikuwa nashika phonie ya Juma, yule mwenye malori. Kama hukuwahi kuiona phonie, ni redio ya kusemea: sanduku la chuma, micro ya kusemea yenye waya uliojikunja, betri ya gari, na antena iliyofungwa kati ya mikaratusi miwili nyuma ya nyumba. Mwenye neno la kupeleka Beni, Lubero au Kayna anakaa kwenye benchi kungoja zamu. Zamu ikifika ananiambia maneno yake, nayaandika kwenye cahier, daftari langu, kisha nayasema. Na kila mwenye redio ya namna ile anayasikia, awe mfanyabiashara, padri au askari. Siri haikuwepo. Ndiyo maana watu wa biashara walisema kwa mafumbo. Juma akisema mbuzi, alitaka kusema mapipa ya mafuta, na harusi ilikuwa lori lililokwama kwenye matope. Palikuwa na mama mmoja aliyetangaza kifo cha mjomba wake mara nne katika mwaka mmoja. Mjomba huyo alikuwa magunia ya kahawa.

Kazi ilikuwa na sheria mbili. Kwanza, pulizia micro mara mbili kabla ya kusema, ujue kama iko hai. Pili, kama hukusikia vizuri, sema "répétez", mwenzako arudie. Hiyo ya pili haigharimu kitu, nami niliidharau. Niliona ni neno la wanaojifunza kazi. Mimi nilikuwa na masikio.

Sasa prof Ananie. Alifundisha biolojia katika shule moja ya sekondari huko Lubero, mtu mrefu mwenye koti moja na maneno mengi. Kila mwisho wa trimestre, yaani muhula, alishuka Butembo kutafuta chaki, na hakukosa kupita kwangu kutuma salamu kwa padri mmoja mzee, Mbelgiji, aliyekaa Beni na kukusanya wadudu tangu enzi za wakoloni. Akingoja zamu yake, Ananie aliwasimulia watu wa benchi habari za kapepeo kake, wapende wasipende.

Juu ya Lubero, alisema, ukipanda, mashamba ya viazi yanakoma, kisha mianzi inakoma, kisha unafika mahali pa ukungu ambapo hapalimwi. Pale panaota kichaka chenye majani membamba kama sindano. Mapadri wanakiita bruyère, na wenyeji wanakikata kufanya fagio. Ndani ya kichaka hicho anaishi kipepeo mmoja wa usiku, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, wa rangi ya majivu yenye mistari myeupe. Kwa Kiswahili cha vitabu anaitwa nondo. Mimi sikulijua jina hilo, na pale kwenye benchi hakuna aliyelijua. Kwetu mwenye mabawa ya unga ni kipepeo, na akiwa mdogo ni kapepeo, basi. Huyo akitua kwenye kijiti cha bruyère, ni kijiti. Ananie alipanda mlima ule kila Jumamosi kwa mwaka na nusu kabla ya kumwona wa kwanza, na alimwona tu kwa sababu mdudu alisogea.

Watu walimtania. Walimwuliza, prof, leo umekiona tena kile kisichoonekana? Yeye alijibu kwa utulivu wote, kama mtu aliyeulizwa habari za watoto wake. Alisema padri mzee ana kitabu cha vipepeo vyote vya milima yetu, na huyu hamo. Mara moja nilimwuliza inamfaa nini, na vita hivi vyote. Alinijibu kwamba kitu kisichoandikwa kinaweza kumalizwa chote, na hakuna atakayeulizwa. Nilimwambia zamu yake imefika.

Mwaka wa elfu mbili, mwezi wa tano, padri mzee alipewa amri na wakubwa wa shirika lake kurudi kwao. Umri ulikuwa umekwenda na nchi imeharibika. Ndege yake ilikuwa iondoke uwanja wa Mavivi, pale nje ya Beni, siku ya Alhamisi saa sita. Alikuwa amempelekea Ananie neno: wale waliokufa uliowahi kunitumia walifika vumbi tupu. Niletee walio hai, na kijiti chao, nitawabeba kwa mkono wangu mwenyewe hadi kwa watu wanaoandika majina.

Jumatatu, saa kumi ya jioni, Lubero iliniita. Ilikuwa sauti ya Kasika, mwanamke mwenzangu aliyeshika phonie kule. Lubero na Beni hazikusikilizana vizuri kwa sababu ya milima, kwa hiyo maneno yao yalipitia kwangu, mimi nayapokea na kuyatupa mbele. Siku hiyo mvua ilikuwa inakuja. Radi zilikuwa zimeanza upande wa kusini, na radi zikianza unapaswa kufungua waya wa antena haraka, la sivyo redio inaungua na Juma anakuuliza. Kwenye benchi kulikuwa na watu kumi na mmoja, na wote walikuwa na haraka kunishinda.

Kasika alisema ni maneno ya prof Ananie kwa padri wa Beni. Kisha hewa ikakwaruza kama mahindi kwenye kikaango, nami nikaandika nilichosikia: Nimepata kadogo ya mulima, tatu, zote muzima. Zinajifichaka muzuri, mutu hapana anaziona. Jeudi niko nazo Mavivi mbele ya avion. Yaani Alhamisi, kabla ya ndege kuondoka.

Kati ya "nimepata" na "kadogo" kulikuwa na neno, na hewa ililila. Nilijua kuna neno limeliwa. Hilo nalisema wazi, kwa sababu miaka mingi nilijidanganya kwamba sikujua.

Na kadogo, kwetu, miaka ile, halikuwa neno la udogo tu. Kadogo alikuwa mtoto aliyevishwa magwanda na kupewa bunduki. Wiki ile baadhi yao walikuwa wametoroka kambi moja upande wa Beni, na bunduki zao mkononi, na askari wa serikali ya waasi waliotutawala waliwatafuta kwenye kila barrière, kizuizi cha barabarani. Habari hiyo niliipitisha mimi mwenyewe hewani siku ya Jumapili. Kama niliona ajabu kwamba mwalimu wa biolojia amepata kadogo watatu mlimani? Niliona. Nikajiambia mshika phonie hana kazi ya kuona ajabu. Ningesema "répétez" ningemaliza, lakini radi ilipiga tena, karibu zaidi. Nikapulizia micro mara mbili, nikaita Beni, nikayasema maneno vile vile nilivyoyaandika. Beni ikajibu kwamba imepokea. Nikafungua antena, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani kula, na nilikula vizuri.

Jumatano mchana Ananie alipita Butembo juu ya lori la viazi. Lori lilisimama mbele yetu kutia maji kwenye radiateur. Alikuwa amevaa koti lake, na juu ya magoti ameshika carton ya chaki iliyotobolewa matundu madogo na kufunikwa kipande cha chandarua. Aliniona mlangoni akainyanyua kidogo, kama mtu anayeonyesha keki ya ubatizo. Nilimpungia mkono.

Alhamisi saa mbili ya asubuhi niliwasha phonie, na wa kwanza kuniita alikuwa Muhindo, mshika phonie wa Beni. Aliniuliza kama nina neno lingine kutoka kwa yule prof wa kadogo. Alisema walimkamata jana jioni kwenye barrière, walikuwa wanamngoja kwa jina. Yuko kwa kamanda wa usalama, hataki kusema watoto wamefichwa wapi, na kesho asubuhi watamsukuma mbele. Kila mtu alijua maana ya kumsukuma mtu mbele. Ni kumpeleka mahali asikorudi.

Nilimwuliza kadogo gani. Kabla hajajibu, Kasika akaingia kutoka Lubero, maana alikuwa anatusikia.

"Dada," alisema, "miye nilikuambia kapepeo. Kapepeo kadogo. Iko kwa cahier yangu."

Kutoka Kayna hadi Mavivi watu walikuwa wanasikiliza. Nilimwomba Kasika anisomee tena polepole, nikayaandika kwa kalamu ya bic nyekundu chini ya maandishi yangu ya Jumatatu: Nimepata kapepeo kadogo ya mulima, tatu, zote muzima. Mwandiko ulitoka mbaya. Wanasema ulimi hauna mfupa, na mimi nilikuwa nimemvunja mtu kwa huo huo ulimi.

Juma alinishauri nisiende. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anafikiri tu kama mwenye mali. Alisema nikikiri kwamba nilipotosha maneno, watafunga phonie yake na mimi pamoja nayo. Alisema pia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kwamba askari wanajua sisi sote tunasema kwa mafumbo, kwa hiyo nikiwaambia ni kapepeo, wataniuliza kapepeo ni fumbo la nini. Nilimwambia nitaenda hata hivyo. Basi akaniambia lori lake la Beni linaondoka baada ya nusu saa na nikae mbele, kwa dereva. Niliogopa njia nzima. Sikumfikiria Ananie kuwa mtu mwema wala nini. Nilifikiria sauti ya Kasika ikisema dada, na watu wote wale wakisikia.

Barabara ilikuwa matope. Tulikwama mara mbili. Tulipokaribia Beni ndege ikapita juu yetu ikipanda, ikielekea mashariki. Dereva alisema ni ile ya Mavivi. Nilitazama saa yake, ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Padri mzee alikuwa amekwenda, na bila shaka alifikiri Ananie hakuja.

Kamanda alikaa katika nyumba iliyokuwa ya mfanyabiashara wa kahawa, yenye kuta zilizopakwa chokaa nyeupe mpya. Jina lake Jéthro, mtu wa makamo mwenye miwani ya kusomea, mpole wa maneno, na upole huo ndio ulionitisha. Ananie alikuwa amekaa chini, viatu amevuliwa, mdomo umevimba upande mmoja. Carton ya chaki ilikuwa juu ya meza, wazi, chandarua pekee juu yake. Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto, na askari watatu walisimama karibu na ukuta.

Nikaeleza. Nikaonyesha cahier, mstari wa bluu na mstari mwekundu. Kamanda akasoma yote miwili bila haraka.

"Mama, ni wewe njo ulituma hii maneno?"

"Ndiyo, afande. Ni miye njo niliikosa."

"Na hii ya rouge uliandika lini?"

"Leo asubui."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Alisema wino mwekundu wa leo hauwezi kuosha wino wa bluu wa Jumatatu. Kisha akauliza lile alilolitabiri Juma. "Kapepeo ni code ya nini?"

"Hapana code, afande. Ni kapepeo tu."

"Bote banasemaka vile."

Akanisogezea carton. Alisema tangu jana mtu huyu anamwambia kapepeo ziko humo ndani, tatu, hai. Yeye ametazama, askari wake wametazama, hata mpishi ameitwa akatazama. Sasa na mimi nitazame, nimwambie ninaona nini. Nikainama. Ndani kulikuwa na tawi moja la kichaka, refu kama mkono, lenye majani kama sindano na vijiti vikavu vya rangi ya majivu. Nililitazama hadi macho yakaniuma. Miaka yote ile nilikuwa nimemsikia Ananie akisema juu ya mdudu wake, na sikuwahi kumwona hata mmoja. Sasa maisha ya Ananie yalining'inia juu ya macho yangu, nami nikaona tawi tu.

Nilisema kweli, kwamba naona kijiti.

Mmoja wa askari akacheka. Kamanda akavua miwani. Ananie alisema kutoka pale chini, kwa sauti ile ile ya darasani, kwamba mchana zinalala, hazisogei hata ukizigusa kwa unyasi. Wangoje giza liingie, zitatembea zenyewe na wote wataziona. Kamanda akamjibu kwamba giza likiingia, yeye Ananie hatakuwa tena hapa. Hawangojei kesho, ameshaamua.

Basi nikaelewa ninapaswa kufanya nini, na Ananie akaelewa wakati ule ule, maana alinitazama.

"Mama, usizisumbue," alisema. "Moja iko na mayai. Padri ataandikiwa, atatuma mutu."

Hakujua kwamba ndege ilikuwa imekwisha ondoka. Au alijua. Niliondoa chandarua, nikakaribia tawi lile kama ninavyokaribia micro, nikapuliza mara mbili, kwa nguvu.

Vijiti vitatu vikaruka.

Kimoja kikagonga ukingo wa dirisha, kikaangukia uani, na kuku wa kamanda hakungoja kuulizwa. Cha pili kikaenda moja kwa moja kutua ukutani. Pale, juu ya chokaa nyeupe, mdudu yule aliyejificha kwa watu wote miaka yote alionekana kuliko msumari, mistari yake yote, hata masharubu yake. Sote tulimtazama. Alikuwa mzuri, sikutegemea. Alikaa kimya kabisa, akiamini, nadhani, kwamba haonekani. Na askari aliyekuwa karibu akampiga kofi, bila ubaya wowote, kama unavyopiga mbu, kisha akafuta kiganja kwenye suruali. Wa tatu alikuwa mkubwa kidogo kuliko wenzake. Alizunguka chumba mara moja, akapita juu ya kichwa cha Ananie, akatoka dirishani kuelekea kwenye joto la Beni, ambako hakuna bruyère hata moja.

Kamanda Jéthro alikaa akitazama doa la unga ukutani. Baadaye akavaa miwani, akachukua karatasi, akaandika mistari michache na kupiga muhuri.

"Kumbe ni kapepeo," alisema. Kisha akanirudishia cahier. "Siku ingine, mama, useme répétez."

Mimi sikufungwa. Phonie ilifungwa mwezi mmoja, na Juma alinung'unika miezi sita.

Nje, Ananie alikaa kwenye ngazi kuvaa viatu. Alichukua muda mrefu kwenye kamba. Kisha akarudi ndani, akamwomba yule askari ruhusa, akaukwangua ukuta kwa ukucha, akatoka na bawa moja lililopasuka juu ya kidole. Upepo ukalichukua kabla hatujafika barabarani. Tulipofika Butembo, aliposhuka kwenye lori, aliniambia neno moja.

"Ungeniuliza tu."

Hakusema lini. Jumatatu, kupitia kwa Kasika, au pale mezani kabla ya kupuliza. Nilistahili yote mawili.

Mlima ule haukupandika tena kwa miaka kadhaa. Kwanza walikaa wapiganaji wa kundi moja, kisha la pili likawafukuza kwa kuchoma kichaka chote, maana adui alikuwa anajificha humo. Padri mzee alifariki huko kwao mwaka uliofuata. Vita vilipotulia kidogo Ananie alirudi kule juu Jumamosi nyingi, na nimeambiwa majivu yaliota nyasi, si bruyère. Phonie nayo ilikufa kifo chake, simu za mfukoni zilipoingia. Juma aliuza betri. Cahier zangu nilizibeba nyumbani.

Mwaka jana Ananie alikuja kwangu, amestaafu, ana fimbo na koti lingine. Aliomba kuona ukurasa ule. Nikamtafutia. Alisoma mstari mwekundu, akatabasamu kwa upande uliowahi kuvimba, akaniambia, kumbe imeandikwa. Kisha akaomba bic. Alikaa kwenye meza yangu hadi chai ikapoa, akaandika chini yake, kwa mwandiko wa mwalimu, yote aliyoyajua: urefu wa bawa, rangi, idadi ya mistari, mmea anaokula, mlima, mwezi. Hakuna kitabu kingine duniani ambamo mdudu yule ameandikwa, ni humu tu, kati ya mbuzi wa Juma na mjomba wa kahawa.

Alipomaliza alinisomea kwa sauti, kutoka mwanzo hadi mwisho, akaniuliza kama nimesikia vizuri.

Nilikuwa nimesikia kila neno.

"Répétez," nilimwambia.

Naye akarudia.